Nani Aliyebisha kwa Mfinyanzi

Mwalimu wetu mpya wa Kiswahili aliingia darasani, akaandika sentensi mbili ubaoni kabla hata hatujamaliza kusimama kumsalimu, kisha akaketi juu ya meza na kutungoja.

Kiboko amelala chini. Kiboko kimelala chini.

"Ipi ni sahihi?" akauliza.

Tulikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa ya wasichana mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulizitazama zile sentensi, tukatazamana. Kwetu Kisumu kila kitu kilikuwa "i". Kitabu imepotea, maji imeisha, mtoto imelia. Sisi tungesema kiboko imelala, na mambo yangeendelea bila mtu yeyote kuumia. Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja, msichana asiyeogopa kitu, akainua mkono.

"Mwalimu, zote mbaya."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, jambo ambalo hatukulizoea.

"Zote ni sahihi," akasema. "Wa kwanza yuko ziwani kule Dunga, na jana amekula mahindi ya mtu. Cha pili kiko ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, na wengine wenu mnakifahamu vizuri kuliko mimi."

Kicheko kilichofuata kilimfanya mwalimu wa darasa la jirani atoe kichwa dirishani. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu, na nilikiona ghafla, kama mtu anayeona uso wa anayemjua katikati ya umati wa soko. Nilijisikia nikisema kwa sauti, bila kuinua mkono: "Mmoja ako na uhai!"

"Yuko hai," akanirekebisha kwa upole. "Ndiyo. Umbo la neno ni lile lile, lakini lugha inatazama ndani yake na kuuliza: wewe unapumua?"

Hadi siku hiyo nilidhani sarufi ni adhabu. Nilidhani watu wa Pwani walikaa chini zamani wakatunga ngeli ili sisi wa ziwani tufeli mtihani. Jioni ile nilitembea kutoka shuleni nikipanga njia nzima kwenye ngeli. Mtaro umeziba, mitaro imeziba. Jiwe limeanguka, mawe yameanguka. Mbwa, huyo alikuwa mbaya, neno lake halina dalili yoyote, lakini alipumua, kwa hiyo: mbwa analala, mbwa wanalala. Nilipofika alipokuwa mama midomo yangu bado ilikuwa inacheza. Akaniuliza kama ninasali.

Mama yangu alikaanga mgongo wazi kule Obunga. Viwanda vya samaki vilikuwa vimeanza kununua mbuta kwa wingi, vikichukua minofu na kuipeleka ng'ambo, na kilichobaki, yaani kichwa, mifupa na mkia, kililetwa Obunga kwa mikokoteni. Ndicho tulichokiita mgongo wazi. Wanawake walikikaanga kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni, na nusu ya mji ililala imeshiba kwa sababu yao. Tuliishi Manyatta, lakini kila siku baada ya masomo nilipitia Obunga kumsaidia mama hadi jua lianze kuinama, ndipo tulipotembea pamoja kwenda nyumbani.

Chini ya kibanda kile cha mabati walikuwa watatu. Mama yangu. Ajuza mmoja tuliyemwita Dayo, yaani nyanya kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo, ambaye alikuwa na karai kubwa kuliko wote na ulimi mkali kuliko wote. Na mama mmoja Mluhya kutoka Maragoli aliyeuza ugali wa kulia samaki huyo. Huyo Dholuo alikielewa lakini hakukisema vizuri, kwa hiyo mazungumzo ya pale yalikuwa mchanganyiko, sentensi ikianza kwa lugha moja na kumalizikia kwa nyingine.

Wiki ya pili ya muhula mwalimu alituletea riwaya tuliyopangiwa. Nakala zilikuwa chache na zilikuwa zimepita mikono mingi kabla yetu. Kila kundi lilipewa moja. Mimi ndiye niliyekaa na ya kundi letu, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa na ndugu wadogo wanaochana kila karatasi wanayoiona.

Riwaya yenyewe ilimhusu mama mfinyanzi aliyeishi kijijini na wanawe wawili. Karibu na nyumba yao palikuwa na shimo la udongo mzuri, mwekundu, ambao babu zao walikuwa wakiuchimba. Baba alipofariki, mtoto wa kwanza alitaka kumuuzia mtu wa matofali lile shimo. Mdogo akakataa. Wakapigana siku ya matanga, mbele ya wageni, na kila mmoja akaapa kwamba hatakanyaga ardhi aliyokanyaga mwenzake. Wakaondoka wote wawili, mmoja njia ya juu, mmoja njia ya chini. Mama akabaki na udongo wake.

Mwalimu alitusomesha kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Alisimamisha masomo katikati ya ukurasa na kuuliza, "Nani anawakimbiza hapa?" Tukamkodolea macho. Akaandika ubaoni: akachimba, akafinyanga, akaanika, akachoma.

"Kimebadilika nini kati ya neno na neno?"

"Kitendo, Mwalimu."

"Na ambacho hakijabadilika?"

"Ka!"

"Mwandishi akikutupia ka, jua anakushika mkono anakukimbiza. Akitaka upumzike, atakuletea alikuwa. Someni tena, kwa sauti, muone mtapumulia wapi."

Tulisoma darasa zima kwa pamoja, na kweli, tulipofika kwenye alikuwa ya kwanza, wasichana arobaini na kitu wakavuta pumzi mara moja. Tulishangaa hata sisi. Rafiki yangu akapiga dawati kofi kwa furaha. Sisi tuliolelewa na Dholuo tulikuwa na taabu na ile sh. Katika vinywa vya wengi wetu shimo lilikuwa simo na kushuka kulikuwa kusuka. Mwalimu alirekebisha bila kudhihaki. Yeye mwenyewe alitoka Port Victoria, binti wa mvuvi, na alituambia waziwazi kwamba Kiswahili alikipata shuleni kama sisi, kwa kukosea mbele ya watu. "Lugha haina mlango wa nyuma," alisema. "Wote tumeingia kwa mbele, tukijikwaa."

Sikumbuki siku hasa nilipoanza kusoma kitabu kile Obunga. Nadhani nilikuwa nakisoma peke yangu, nimeketi juu ya gunia la mkaa, Dayo akaniuliza kwa nini natabasamu na karatasi. Nikamweleza habari ya yule mfinyanzi. Akasikiliza huku akigeuza samaki. Nilipofika kwenye vita vya matangani, mkono wake ukasimama hewani, na mafuta yakidondoka kwenye kijiko.

"Mbele ya maiti ya baba yao?"

"Ndiyo, Dayo."

"Endelea."

Kuanzia hapo ikawa kazi. Kila jioni nilisoma ukurasa mmoja au mbili kwa Kiswahili kwa ajili ya mama muuza ugali, kisha nikausimulia kwa Dholuo kwa ajili ya Dayo na mama yangu, na mara nyingi wateja nao waligoma kuondoka na samaki wao mkononi. Nilijifunza mambo ambayo darasani yasingenijia. Nilijifunza kwamba methali ikitoka lugha moja kwenda nyingine hufika imechoka, na lazima uipe nyingine badala yake. Nilijifunza pia kwamba watu wazima wakisikiliza hadithi hurudi kuwa watoto, ila watoto wenye hasira.

"Huyo mkubwa ni mwizi," mama muuza ugali alisema, akikata ugali kwa kisu. "Shimo ni ya ukoo, yeye nauza kama yake."

"Mwizi?" Dayo akageuka. "Mtoto wa kwanza ndiye aliyebaki na mzigo wa baba. Unadhani alitaka kuuza? Alikuwa na madeni ya matanga."

"Kitabu imesema hivyo?"

"Kitabu hakijui kila kitu."

Mama yangu hakuingia katika ugomvi ule. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Wacheni mtoto asome," akatupa kuni nyingine motoni.

Basi tukaendelea. Shimo la udongo likajaa maji ya mvua. Wanakijiji wakamjia mfinyanzi wakamwambia amlaani mwana mmoja ili mwingine arudi, maana hawezi kuwa na wote. Akakataa. Akasema tumbo lake halina mlango wa mmoja. Dayo alipiga makofi aliposikia hayo. Miaka ikapita ndani ya kitabu, mama akazeeka, na siku moja, mchana wa mvua, alipokuwa peke yake nyumbani akilainisha chungu kibichi kwa jiwe, alisikia mlango ukibishwa.

Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na uzi wa kushonea kitabu, na jalada.

"Enhe?" akasema Dayo.

"Imeisha."

"Imeisha vipi? Nani anabisha?"

Nikawaonyesha. Mama muuza ugali alikichukua kitabu, akakitikisa, kana kwamba kurasa zilikuwa zimejificha mahali. Dayo aliniambia kwa utulivu wa kutisha kwamba nisirudi kibandani pale bila mwisho wa hadithi.

Kesho yake tuligundua kuwa nakala zote za shule zilikuwa hivyo hivyo, au mbaya zaidi. Kurasa za mwisho za vitabu ndizo hutangulia kufa. Darasa lilizusha kelele. Mwalimu akainua mikono.

"Ninayo nakala yangu," akasema. "Nilikuwa nayo chuoni. Iko nyumbani Port Victoria, na mdogo wangu anaijua kwa moyo. Wiki ijayo ni likizo ya katikati ya muhula. Nitaenda, nitarudi nayo."

"Tuambie tu, Mwalimu!"

"Siwezi. Mwisho wa kitabu kile hausimuliwi. Unasomwa."

Likizo ile ilikuwa ndefu kuliko muhula. Kule Obunga Dayo alikuwa tayari ameamua kwamba aliyebisha ni mtoto wa kwanza, amerudi kuomba radhi. Mama muuza ugali aliapa kwamba ni kitinda mimba, kwa sababu kitinda mimba hawezi kumwacha mama yake afe peke yake. Wateja walitakiwa kuchagua upande kabla ya kuchagua samaki. Kuna fundi baiskeli aliyesema huenda ni mkusanya kodi, akanyimwa chumvi.

Mwalimu alirudi. Jumatatu hiyo hakuna aliyechelewa. Alitoa kitabu kwenye mkoba, kimefunikwa kwa gazeti, akasimama karibu na dirisha na kusoma ukurasa wa mwisho polepole. Mvua bado inanyesha. Kijiji chote kimevuka mto kwenda harusini, mama amebaki na chungu chake. Mlango unabishwa. Kisha maneno ya mwisho, ambayo niliyashika mara moja na nimekuwa nayo tangu hapo:

Sauti ikaita, Mama. Aliijua sauti ile tangu ilipokuwa kilio. Akaweka chungu chini, akanawa udongo mikononi, akainuka, akawafungulia.

Akafunga kitabu.

Tulingoja. Hakukuwa na zaidi. Msichana wa nyuma akalia kabisa, kwa hasira. "Lakini ni sauti ya nani, Mwalimu? Mkubwa au mdogo?" Mwalimu akatutazama kwa namna ya mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo, kengele ikalia, akaondoka.

Jioni ile niliwasimulia Obunga. Niliwaambia kwa Dholuo kwamba sauti iliita, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa kilio, na mfinyanzi akanawa mikono, akafungua mlango. Ugomvi uliofuata ulifanya watu watoke kwenye vibanda vya jirani kuuliza nani ameibiwa. "Sauti ile tangu ilipokuwa kilio," Dayo alisema, "ni sauti ya kilio cha kwanza alichowahi kusikia. Mtoto wa kwanza!" Mama muuza ugali akajibu kwamba sauti inayokaa sikioni ni ya mwisho. Nilikwenda nyumbani na kichwa kinauma.

Kipindi cha Jumanne kilikuwa cha sarufi. Mada ilikuwa viambishi. Mwalimu alisema kwamba sisi watu wa Kisumu hatuna haki ya kuogopa kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa mji wetu ni wa reli na kitenzi ni treni: kila behewa limebeba mzigo wake, na ukitaka kujua treni imebeba nini lazima ufungue behewa moja moja. Kisha akaandika neno moja ubaoni.

Akawafungulia.

"Nani atalifungua?"

Rafiki yangu akanisukuma kwa kiwiko hadi nikajikuta nimesimama. Nikaenda mbele. Nikashika chaki. Nikaandika a, nikaweka kistari.

"Hiyo ni nani?" Mwalimu akauliza.

"Nafsi. Yeye. Mama mfinyanzi."

Nikaandika ka. "Wakati. Jambo linalofuata jambo." Nikaandika wa.

Chaki ikasimama.

Najua leo mtu atasema neno lilikuwa wazi muda wote. Lilikuwa wazi, naam. Lakini tulikuwa tumelisikia kama watu wanavyosikia, tukikimbilia mwisho, na sisi watu tuliozoea kusema vitabu imepotea hatukuwa na mazoea ya kusimama kwenye silabi moja na kuiuliza jina lake. Nilisimama nayo. Ilinitazama.

"Mwalimu," nikasema, "ni wawili."

"Sema kwa sauti."

"Ni wawili! Hakumfungulia. Aliwafungulia. Wamekuja wote!"

Sijui nieleze vipi kelele iliyotokea. Wasichana walisimama juu ya madawati. Yule aliyelia siku iliyotangulia alilia tena, safari hii akicheka. Mwalimu wa darasa la jirani alitoa kichwa dirishani kwa mara nyingine, na mwalimu wetu akampungia mkono kumwambia hakuna aliyekufa.

Lakini rafiki yangu hakukubali upesi. "Sauti ni moja, Mwalimu. Sauti ikaita. Labda hao wengine ni majirani wamemsindikiza."

"Nipe ushahidi."

Rafiki yangu akafikiri. Akaanza kusema, akaacha. Kisha akajijibu mwenyewe, polepole: "Majirani wako harusini. Wamevuka mto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmoja ameita, na mmoja amenyamaza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu alikataa kutusimulia mwisho. Wale ndugu walikuwa wamesimama mlangoni bega kwa bega baada ya miaka yote ile, kwenye mvua, na mwandishi hakutupa hata sentensi moja juu ya jinsi walivyopatana. Alitupa herufi mbili.

Mwalimu akanirudishia chaki. "Hujamaliza. Kuna mabehewa yamebaki."

Nikaandika fung. Huo ndio mzizi. Nikaandika u.

"Na hiyo u inafanya nini? Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua."

"Inarudisha nyuma. Inatendua kilichotendwa."

"Na li?"

"Kwa ajili yao."

"Basi soma treni yako yote."

Nikaisoma, kidole kikipita chini ya kila kipande: yeye, kisha, wao, kufunga, kutendua, kwa ajili. Sikujua mtu anaweza kutaka kucheka na kulia kwa sababu ya sarufi.

Baada ya masomo nilikimbia. Nilikimbia na sare ya shule na viatu vyenye tundu, hadi Obunga, nikafika sina pumzi. "Wawili!" nikapiga kelele kabla ya kufika kibandani. "Wamerudi wote wawili!"

Dayo aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Jana ilikuwa sauti moja."

"Ndiyo, lakini kuna wa! Katikati ya neno!"

"Sasa leo umeona tunapigana, unataka kutunyamazisha na hadithi tamu," akasema. "Usinidanganye, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu, lakini alivyolitamka siku ile halikuwa na utamu.

Mama muuza ugali naye akatikisa kichwa. "Hiyo umetunga. Kitabu haiwezi kuficha watu ndani ya neno."

Nilijaribu kueleza viambishi kwa Dholuo nikashindwa. Mama yangu aliniangalia, nadhani alitaka kuniamini, lakini akarudi kwenye karai lake.

Nilimweleza mwalimu kesho yake, nikiwa karibu kulia. Nilitarajia aniambie wanawake wa sokoni wana mambo mengi kuliko riwaya. Badala yake akauliza, "Jumamosi wanafanya kazi?"

Jumamosi alikuja. Alivaa viatu vya kanisani, akapita katikati ya matope na mapipa ya mafuta, kitabu kwapani. Mama yangu alipomwona alijifuta mikono mara tatu kwenye kanga kabla ya kumpa mkono. Wakampa kreti ya soda aketi. Dayo hakusimama.

"Wewe ndiye mwalimu wa maneno yaliyoficha watu?"

"Ndimi, Mama."

"Haya. Soma. Usielezee."

Mwalimu akasoma ukurasa ule wa mwisho kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, moshi ukimpita usoni. Hakuna aliyegeuza samaki. Alipofika mwisho alisoma neno lile kama lilivyo, bila kulivuta. Akawafungulia.

Mama muuza ugali ndiye aliyeanza. Mkono wake ulikuwa umeshika mwiko. "Aka-wa-," akasema, kwa sauti ndogo. "Aka-wa-fungulia. Uwi! Si mmoja!" Akageuka kwa Dayo, akasahau kwamba wao ni maadui. "Mama, ni kweli! Angekuwa mmoja angesema akamfungulia! Hata mimi, mteja akikuja nasema nimempimia ugali. Wakikuja wengi nasema nimewapimia!"

Dayo alikuwa anatazama kitabu, ingawa hakujua kusoma. Aliomba akishike. Mwalimu akampa, akamwonyesha neno kwa kidole. Dayo aliweka kidole chake, chenye alama za mafuta ya moto, pale pale.

"Ni hapa walipo?"

"Ni hapo."

"Wote?"

"Wote wawili, Mama."

"Kumbe wanaweza kuja pamoja," akasema Dayo kwa Dholuo. Akarudisha kitabu, akainuka na kwenda nyuma ya kibanda kana kwamba kuni zimeisha. Kuni zilikuwa tele. Mama yangu alichukua kijiko chake na kumgeuzia samaki wake hadi aliporudi.

Kisha kibanda kilichangamka kama sikukuu. Samaki wa mwalimu alichaguliwa na watu watatu, na mwalimu mwenyewe akakatazwa kulipa. Na kwa sababu watu hawawezi kukaa bila ugomvi, likaja swali jipya: ni yupi aliyeita, na ni yupi aliyenyamaza? Mama muuza ugali alisema mdogo ndiye aliyenyamaza, kwa heshima. Dayo alikuwa amerejesha ulimi wake, akasema mdogo hajawahi kunyamaza duniani. Mwalimu alikuwa anakula kwa vidole, anacheka, anakataa kabisa kutoa hukumu. "Hapo sarufi imefika mwisho wake," alisema. "Hapo mko wenyewe."

Ndipo mama yangu akazungumza. "Aliyenyamaza ni mkubwa," akasema.

Sote tukamgeukia.

"Yeye ndiye aliyekosea zaidi. Alitembea njia yote akipanga la kusema. Kufika mlangoni, halikutoka. Mdogo akaona, akamwitia."

Mwalimu aliacha kula. Nilikuwa nimeishi na mama maisha yangu yote na sikujua kwamba ana maneno kama hayo. Alikuwa amesikiliza kitabu kizima kutoka nyuma ya moshi, na alikuwa amekisoma kuliko sisi sote.

Tulipokuwa tunarudi Manyatta, mama amebeba karai kichwani na mimi nimebeba ndoo, aliniambia kile ambacho sikukijua: kwamba Dayo ana wana wawili Nairobi, wanaokaa mtaa mmoja na hawasalimiani. Tulitembea kidogo.

"Lile neno," akasema. "Angekuwa amekuja mmoja tu, lingekuwaje?"

"Akamfungulia."

"Akamfungulia," akarudia. "Na wakija wawili?"

"Akawafungulia."

"Na mimi nikikufungulia wewe?"

"Nimekufungulia."

"Na wewe ukinifungulia mimi?"

"Nimekufungulia, Mama. Ni ile ile."

Akasimama katikati ya njia, karai likiwa kichwani, akalifikiria jambo hilo. "Hiyo ni nzuri," akasema hatimaye, na tukaendelea kutembea, yeye akijaribu vitenzi vingine chini chini: nimekupikia, nimewapikia, wamenipikia. Aliponipita mbele kidogo nilimsikia akikosea kimoja, akajirekebisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo.